Kifuata kichwa cha kujitengenezea nyumbani: namna ya kuunganisha nyaya zake bila kumdhuru mtu wala kompyuta

Ukiwa juu ya paa la nyumba yetu hapa Langoni, mjini Lamu, ng'ambo ya mkondo unaziona ndege zikishuka kwenye uwanja wa Manda. Rubani anayezunguka ili aje kutua hatazami mbele tu. Anageuza shingo, anautafuta uwanja juu ya bega, anarudi kwenye saa za vipimo vya ndege, kisha anaangalia tena. Kwenye simuleta ya ndege, ile programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta, kazi hiyo hufanywa kwa kubonyeza kitufe, nawe unajikuta unaangalia ukuta wa chumba cha rubani wakati uwanja umeshakupita. Kifuata kichwa kinaondoa shida hiyo. Unageuza kichwa kidogo tu, macho yako yakiwa bado kwenye skrini, na picha inageuka sana, hadi unaona ubawa.

Kifaa cha dukani ni ghali na kuagiza hadi kisiwani ni safari nyingine, kwa hiyo vijana wengi wanajitengenezea. Nimeshatengeneza vingi, na vibovu nimeletewa vingi zaidi kwenye meza yangu ya ufundi. Tatizo halikuwa programu hata mara moja. Lilikuwa waya. Watu husoma sana habari za programu na kamera, na wakifika kwenye nyaya wanaruka. Ilhali waya huo utakaa juu ya kichwa cha mtu kwa saa nzima, katika jasho letu la pwani na hewa yetu ya chumvi, na mara nyingi mtu huyo ni mtoto wa nyumbani. Ndiyo maana hapa nyaya nitazieleza kwa kirefu, mengine nitayapitia.

Kinavyofanya kazi

Unavaa taa tatu ndogo za infraredi, mwanga ambao jicho haliuoni lakini kamera inauona. Kamera iliyo juu ya skrini inaona nukta tatu. Programu inapima zilivyosogea zikilinganishwa, na kutokana na hizo inajua kichwa kimegeuka, kimeinama, kimelala upande au kimesogea mbele. Nukta tatu zinatosha kwa miendo yote sita: kugeuka, kuinama, kulala upande, na kusogea mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini.

Neno moja kabla hujanunua chochote: programu ya bure iitwayo opentrack ina njia ya kufuata uso wenyewe kwa kamera ya kawaida, bila taa wala waya. Kama kompyuta yako ina nguvu na chumba kina mwanga, ijaribu hiyo kwanza, maana waya usiokuwepo hauna hatari. Taa zinakuwa na faida pale kompyuta ni ya zamani, au unacheza usiku chumba kikiwa giza, au unataka mwendo laini zaidi. Ukishaamua kwamba unataka taa, endelea.

Umeme utoke wapi

Swali hili ndilo la kwanza, na jibu langu halibadiliki. Waya unaofika kichwani uchukue umeme kutoka tundu la USB la kompyuta, au kutoka betri ndogo za tochi. Ukutani hapana, hata kwa kupitia chaja.

Sababu ni hii. Umeme wetu wa ukutani ni volti 240. Ndani ya chaja ya simu kuna sehemu inayotenganisha volti hizo 240 na volti 5 zinazotoka. Katika chaja nzuri utengano huo ni imara. Katika chaja za bei ya chini nilizozifungua, nyingine zina nafasi ndogo sana kati ya upande mmoja na mwingine, na jasho la chumvi au vumbi lenye unyevu linaweza kuziba nafasi hiyo. Ukiwa umeishika simu mkononi, huenda ukawahi kuiachia. Ukiwa umefunga kifaa kichwani, miguu mitupu juu ya sakafu ya saruji, huna wepesi huo. USB iliyopanuliwa kwa kisanduku chenye chaja yake ya ukutani nayo ihesabu kama chaja.

Kuna jambo ambalo wengi mmelisikia mwilini: laptopu iliyo kwenye chaja, ukiigusa sehemu yake ya chuma ukiwa pekupeku, inawasha kama sisimizi. Mara nyingi huo ni umeme kidogo unaovuja kupitia chaja isiyo na ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Kwa kawaida ni mdogo sana, lakini hautakiwi kwenye paji la uso. Kwa hiyo ukivaa kifaa, chomoa chaja ya laptopu na utumie betri yake ikiwezekana. Kama ni kompyuta ya mezani, ichomekwe kwenye soketi ya pini tatu yenye ethi ya kweli. Nyumba nyingi za zamani mjini zina ekstensheni ambayo tundu la tatu ni pambo tu, halina waya nyuma yake. Mwite fundi wa umeme alipime. Hilo utakuwa umelifanya kwa ajili ya nyumba nzima.

Betri za lithiamu zilizotolewa kwenye laptopu au simu za zamani, hasa zile za mviringo za laptopu wanazopenda vijana kwa kuwa ni za bure, usiziweke kichwani kabisa. Zikipata shoti zinatoa mkondo mkubwa mno na zinaweza kuwaka moto. Betri tatu za kuchajiwa za ukubwa wa AA, kila moja volti 1.2, zinakupa volti 3.6 na zinatosha kwa usiku kadhaa. Pawabenki nayo inakatisha tamaa kwa sababu nyingine: nyingi huzima zenyewe zikiona kifaa kinachukua umeme mdogo kama huu wetu.

Utakachohitaji

Taa tatu za infraredi. Zilizo bora ni za urefu wa wimbi wa nanomita 850, maana kamera nyingi zinaziona vizuri. Za 940 zinafaa pia ila huonekana hafifu zaidi. Rimoti ya televisheni iliyokufa ina taa moja au mbili, mara nyingi za 940, kwa hiyo rimoti mbili tatu za jalalani zinaweza kukutosha. Rezista tatu za omu 120 au 150, za robo wati. Kebo ya zamani ya USB yenye kichwa cha kawaida cha kompyuta. Waya mwembamba wa nyuzi nyingi. Waya mgumu wa uzi mmoja huvunjika ukipindwapindwa. Mpira wa kusinyaa kwa moto (kijimrija unachokivisha kiungo kisha unakipasha ili kibane), multimita, chuma cha kulehemu na risasi yake. Fremu ifanye kwa plastiki au mti, nitakueleza baadaye.

Multimita usiione kama anasa. Ya bei ya chini kabisa inatosha, na kama huna, azima. Kazi hii bila kipimo ni kubahatisha, na usibahatishe kwenye kichwa cha mtu.

Hesabu ya rezista

Taa ya infraredi ikipata umeme haijizuii. Inataka volti kama 1.4, na ukiipa 5 moja kwa moja itachukua mkondo hadi iungue. Rezista ndiyo inayoishika mkono. Hesabu yake haina ugumu:

Volti 5 za USB, toa 1.4 za taa, zinabaki 3.6. Zigawe kwa omu 120, unapata ampea 0.03, yaani miliampea 30. Taa tatu ni miliampea 90.

Namba hiyo nimeichagua kwa makusudi. Kanuni ya USB 2.0 inakiruhusu kifaa ambacho hakijajitambulisha kwa kompyuta kuchukua hadi miliampea 100. Zile 500 zinazosemwa ni za kifaa kilichoomba na kukubaliwa, na taa zetu haziongei na kompyuta. Hata USB ikipanda hadi volti 5.25 na taa ikawa ya volti 1.3, kila taa itachukua karibu 33, na zote tatu 99. Bado tumo ndani ya mpaka. Ukitumia omu 150 unapata 24 kwa kila taa, na kwa chumba cha kawaida hiyo inatosha. Mimi huanzia hapo. Joto la rezista ni kama wati 0.11 kwa ile ya 120, kwa hiyo ya robo wati inalimudu.

Omu 120 utaitambua kwa mistari ya rangi: kahawia, nyekundu, kahawia. Ya 150 ni kahawia, kijani, kahawia. Mistari ikiwa imefifia, pima.

Kwa betri tatu za AA za volti 1.2: 3.6 toa 1.4 ni 2.2, gawa kwa omu 68, unapata miliampea 32 kwa kila taa. Betri za miliampea-saa 2000 zitakupa karibu saa 20.

Sasa sikiliza vizuri: kila taa iwe na rezista yake. Wapo wanaopanga taa tatu kwa mfuatano na rezista moja. Tatu kwa 1.4 ni 4.2, kwa hiyo rezista inabaki na volti 0.8 tu za kuchezea, na USB ikipanda kidogo mkondo unaruka sana. Na wapo wanaozipanga sambamba na kuzipa rezista moja ya pamoja. Hilo la pili mimi mwenyewe nililifanya, kwenye kifaa cha kwanza nilichomtengenezea mpwa wangu. Niliweka rezista moja ya omu 22 kwa taa zote tatu, nikiamini zitagawana kwa haki. Taa hazifanani. Ile inayotaka volti kidogo zaidi hujichukulia sehemu kubwa ya mkondo, ikipata joto inataka volti pungufu zaidi, na inazidi kujichukulia. Usiku wa tatu kijana aliniita, "Mjomba, hapa panachoma." Nilipoweka kidole karibu na sikio lake, plastiki ya taa ilikuwa moto kweli. Tukavua. Ile taa ikafa, mkondo wote ukaangukia mbili zilizobaki, na moja ikaanza kufifia mbele ya kamera ya simu tukiwa tunaitazama. Rezista tatu kwa pamoja hazifikii bei ya kikombe cha kahawa tungu. Tangu siku ile sijawahi kuunganisha taa bila kuipa rezista yake.

Kulehemu, na nyumba ya makuti

Chuma cha kulehemu kinafika nyuzi joto 350 hivi, na makuti yaliyokauka kwa kaskazi hayahitaji mengi ili yashike. Usilehemu chini ya paa la makuti, wala juu ya mkeka. Shuka chini, tumia kipande cha kigae au bati juu ya meza, na weka ndoo ya mchanga karibu. Chuma kiwe na stendi yake, na waya wake usipite njiani ambako mtoto atauvuta. Kaa penye upepo wa pembeni. Moshi wa flaksi, ile dawa iliyomo kwenye risasi ya kulehemu, unachoma kifua. Risasi ya kawaida ina madini ya risasi yenyewe, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Kata kebo ya USB, vua ganda la nje kama sentimita 5. Ndani utakuta nyaya nne: nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi, kijani na nyeupe ni za data. Lakini usiziamini rangi. Nimeshakutana na kebo za bei ya chini ambazo nyekundu ilikuwa data. Tumia multimita kwenye mlio wa mwendelezo, gusa pini ya pembeni ya plagi na waya, hakikisha. Pini mbili za nje ndizo za umeme, mbili za kati ni za data.

Kijani na nyeupe hatuzihitaji. Zikate fupi, na kila moja kwa urefu tofauti ili ncha zisikutane, kisha kila moja ivishe mpira wake wa kusinyaa. Kuzikata tu na kuziacha ndani ya tepu haitoshi. Niliwahi kuletewa laptopu ambayo tundu lake la USB lilikuwa limekataa kazi kabisa kwa sababu uzi mmoja wa waya wa kijani, mwembamba kuliko unywele, ulikuwa umegusa nyekundu ndani ya tepu iliyolegea kwa joto. Tepu ya umeme kwenye joto letu hutoa gundi na kuteleza. Mpira wa kusinyaa unakaa.

Mguu mrefu wa taa ni chanya. Ukiwa umetolewa kwenye rimoti na miguu imekatwa, angalia ukingo wa plastiki: upande uliokatwa bapa kwa kawaida ni wa hasi. Thibitisha kwa multimita kwenye kipimo cha dayodi: ukiiweka sawa itaonyesha karibu volti 1, ukigeuza haionyeshi kitu.

Rezista iweke kwenye mguu mrefu, karibu na taa. Vuta mpira wa kusinyaa juu ya waya kabla ya kulehemu, maana baada ya kulehemu hautapita. Shika chuma kwenye kiungo sekunde mbili hadi tatu, gusisha risasi kwenye waya na si kwenye chuma, ondoa. Kiungo kizuri kinang'aa na kimetandaza. Kikiwa kama tone la ute lililokaa juu, pasha tena. Usipashe taa kwa muda mrefu; ikibidi, bana mguu wake kwa koleo ndogo ili joto liishie hapo.

Nyaya tatu za chanya, kila moja ikiwa imepita kwenye rezista yake, zikutane na nyekundu. Nyaya tatu za hasi zikutane na nyeusi. Viungo hivyo viwili visikae mkabala; kimoja kiwe sentimita 2 mbele ya kingine, ili hata mpira ukichanika visigusane.

Kebo na shingo

Hapa ndipo wengi hawafikirii kabisa. Mtu amevaa kifaa, anaitwa mlangoni, anainuka ghafla. Ama kebo inatoka, ama laptopu inaanguka, ama kebo inajizungusha shingoni. Weka mahali pa kuachia. Namna nyepesi ni kutumia kebo ya kurefusha USB: nusu moja inabaki kwenye kompyuta imefungwa kwenye mguu wa meza, nusu nyingine inashuka kutoka kichwani, na kiungo kiwe usawa wa kiuno. Ikivutwa inachomoka yenyewe. Kebo ishuke kwa nyuma, ipite mgongoni, na ibanwe kwa klipu ya nguo kwenye ukosi. Isipite mbele ya koo.

Usitumie plagi ya hedifoni kama kiungo cha umeme, hata kama imejaa droo. Plagi ile inapoingia, chanya na hasi hugusana kwa kitambo, na hiyo ni shoti kila unapochomeka.

Penye kebo kuingia kwenye fremu, ifunge kwa uzi au kamba ya plastiki ili mvuto ukae kwenye ganda la kebo na usifike kwenye viungo ulivyolehemu. Ivute kwa mkono. Kama waya wa ndani unasogea, bado.

Kupima kabla ya kuvaa

Usichomeke kwenye kompyuta kwanza. Weka multimita kwenye kipimo cha omu, gusa pini mbili za nje za plagi. Namba ndogo karibu na sifuri maana yake una shoti; rudi ukatafute. Geuza ncha, pima tena, zote mbili zisiwe karibu na sifuri.

Kisha washa kwa betri tatu mpya za tochi, volti 4.5. Angalia taa kwa kamera ya simu; ya mbele mara nyingi huona infraredi vizuri kuliko ya nyuma. Utaona nukta za rangi ya zambarau au nyeupe. Kwa jicho hutaona kitu, au kwa zile za 850 utaona wekundu hafifu tu, na hiyo ndiyo hatari yake: mwanga wa kawaida mkali unakufanya upepese, huu haukuambii chochote. Taa za miliampea 30 ni ndogo, lakini usiisogeze taa jichoni kuichunguza, na usinunue taa zile za wati nyingi za kamera za ulinzi ukidhani ndizo bora.

Ukiridhika, chomeka kwenye USB na pima volti kwenye kila rezista, ncha moja hadi nyingine. Ukipata 3.6 kwenye ya omu 120, taa inachukua miliampea 30. Gawa tu ulichopata kwa 120, au kwa 150 kama ndiyo uliyotumia. Namna hii huhitaji kukata waya ili kupima mkondo. Zote tatu zikaribiane. Iache iwake dakika 30 mezani, kisha gusa kila kiungo na kila taa. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuacha kidole hapo, usiivae.

Fremu

Nafunga kwenye upande wa hedifoni. Kofia nayo inawezekana, lakini inahama kila ukijikuna. Fremu yangu ni kipande cha fimbo ya bendera za plastiki. Wengine wanatumia rula. Ukitumia waya wa chuma, uvishe mpira mzima, usiache hata ncha.

Taa ya kati inatokeza mbele kuelekea kamera. Ya juu iko milimita 40 juu yake na milimita 30 nyuma. Ya chini iko milimita 70 chini yake na milimita 80 nyuma. Huhitaji kufuata vipimo hivi kwa ukamilifu, ila unahitaji kuvipima kwa usahihi baada ya kutengeneza, kwa sababu utaviandika kwenye programu. Zote tatu zitazame mbele na ziepuke jicho lako.

Taa za rimoti hutupa mwanga mwembamba, na ukigeuza kichwa zinapotea. Chukua msasa laini, sugua kichwa cha mviringo hadi kiwe bapa na chenye ukungu. Acha kusugua kabla hujakikaribia kile kijidoa cha ndani. Mwanga utatawanyika vizuri.

Kamera na jua letu

Kamera nyingi za kompyuta zina kioo kidogo chenye rangi kidogo kinachozuia infraredi, nyuma ya lenzi. Chomoa kamera, fungua lenzi kwa kuizungusha, toa kioo hicho taratibu, rudisha. Baada ya hapo itabidi urekebishe ukali wa picha tena. Mbele yake weka vipande viwili vya negativu ya rangi, ile ncha nyeusi kabisa ya filamu iliyosafishwa. Studio ya picha ya zamani inaweza kuwa nayo kwenye boksi. Inazuia mwanga wa kawaida na kupitisha infraredi. Kamera ya PlayStation 3 inapendwa kwa kazi hii kwa kuwa inatoa picha 60 kwa sekunde kwa ukubwa wa 640 kwa 480, na kwenye mitumba ya vifaa haina bei kubwa.

Jua lina infraredi nyingi sana. Dirisha lililo nyuma yako saa za alasiri litafuta nukta zako zote, kwa hiyo geuza meza au shusha pazia zito. Karabai na balbu za zamani za waya mwekundu zinasumbua vilevile. Balbu za LED za kawaida hazina shida.

Programu

Kwenye opentrack chagua njia ya kufuata nukta, andika vipimo vya fremu, punguza mwanga wa kamera hadi zibaki nukta tatu tu kwenye giza. Zikiwa nne, kuna kioo cha saa au fremu ya miwani inaakisi. Kama simuleta yako ni ya Windows, tokeo (njia ya kupeleka mwendo wa kichwa kwenye simuleta) la freetrack linakubalika na nyingi. FlightGear, simuleta ya bure, ina tokeo lake. Weka kitufe cha kurudisha kati mahali kidole kinapofika bila kutazama. Kwenye mkunjo wa kugeuka, yaani mstari unaopanga picha igeuke kiasi gani kichwa kikigeuka, acha sehemu bapa katikati ili kichwa kinachotikisika kwa kupumua kisitikise ndege, kisha uupandishe hadi kugeuka kidogo kukupe bega zima. Picha ikienda kinyume na kichwa, geuza mhimili huo.

Chumvi

Kifaa kilichoachwa dirishani hapa kwetu kinaanza kuota kutu ya kijani kwenye shaba baada ya majuma machache tu, na kiungo chenye kutu kinapata joto. Baada ya kupima na kuridhika, paka rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye kila kiungo ambacho mpira haukukifunika, na kwenye miguu ya taa. Futa plagi kwa kitambaa kikavu kabla ya kuchomeka. Ukimaliza kucheza, chomoa kwanza ndipo uvue, ifute jasho, na uiweke kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja na viatu. Betri zitoe ikiwa hutacheza wiki nzima.

Kila mwezi pindapinda kebo mahali inapoingia kwenye fremu huku ukiangalia taa kwa kamera ya simu. Taa ikikonyeza, kata sentimita 3 za kebo na ulehemu upya. Usiizungushie tepu.